Amani ya Nakuru Haiwezi Kutegemea Urafiki wa Wakubwa

Uwanja wa Afraha mjini Nakuru umebeba historia nzito kuliko michezo yote iliyochezwa ndani yake. Mwanzoni mwa 2008 ulikuwa kambi ya familia zilizokimbia makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 2 Desemba 2012, Uhuru Kenyatta na William Ruto walisimama humo humo wakatangaza kwamba wangeungana kuwania uongozi wa nchi, ilhali wote wawili walikuwa na kesi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague kuhusu machafuko yale yale. Aprili 2016, kesi ya mwisho ilipoporomoka, walirudi Afraha kwa maombi ya shukrani. Katika muda huo wa miaka minane, Wakikuyu na Wakalenjin wa Bonde la Ufa walitoka kwenye kuchomeana nyumba wakafika kwenye kumpigia kura mgombea mmoja. Wengi waliyaita hayo maridhiano. Kwangu yalikuwa mapatano ya uchaguzi, na naamini tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo itakayoamua iwapo watu wa Molo, Njoro na Kuresoi watalala usingizi mtulivu Agosti 2027.

Mapatano hayo yalipata sura mpya 2022, Ruto alipoingia Ikulu akiwa na Rigathi Gachagua kama naibu wake. Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa Gachagua madarakani, na tangu hapo siasa za Mlima Kenya na za Bonde la Ufa zimeanza kushika njia mbalimbali. Mkulima wa Likia hana neno katika ugomvi huo, lakini historia ya kaunti yetu inamwambia kwamba wakubwa wakikosana Nairobi, moto huwaka kwanza kwake.

Ili kulipima jambo hili nimelitafutia mizani mbali na nyumbani. Transylvania, eneo ambalo leo ni sehemu ya Romania, limegombaniwa na Waromania na Wahungaria kwa vizazi vingi. Kwa karne nyingi lilikuwa chini ya taji la Hungaria au la watawala wa Vienna. Tarehe 1 Desemba 1918 Waromania walikusanyika Alba Iulia wakatangaza muungano na Romania, na Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 ukalitia muhuri tamko lao. Tarehe 30 Agosti 1940 Ujerumani na Italia zikaligawa eneo hilo vipande viwili na kuirudishia Hungaria upande wa kaskazini. Kukawa na mauaji ya wanavijiji na maelfu kuhama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mkataba wa Paris wa 1947 ukairejeshea Romania eneo lote. Msomaji wa Nakuru akiyapitia hayo ataona mambo anayoyajua: mipaka inayochorwa na watu wa mbali, wakazi wanaoitwa wageni mahali walipozaliwa, na kila upande kuwa na orodha yake ya wafu.

Atayajua zaidi mabishano kuhusu nani alifika kwanza. Waromania husema wao ni uzao wa Wadacia na Warumi, na kwamba hawajawahi kuondoka Transylvania. Wahungaria husema mababu zao walipoingia bonde la mto Danube mwishoni mwa karne ya 9 hawakuwakuta Waromania huko, na kwamba hao walikuja baadaye na mifugo yao kutoka kusini. Wanahistoria wa pande zote mbili wameandika rafu nzima za vitabu, na hakuna upande uliokubali kushindwa.

Sisi ushahidi wetu uko karibu zaidi. Ukitoka mjini Nakuru kuelekea Nairobi utapita kilima cha Hyrax Hill, ambacho Mary Leakey alianza kukichimbua mwaka 1937. Kuna makaburi ya wafugaji wa zama za mawe, na kuna mabonde madogo ya mviringo mfano wa sahani ambayo watafiti huyaita mashimo ya Wasirikwa, mazizi ya ng'ombe ya watu walioishi hapa kabla ya Wamaasai kutawala bonde hili. Simulizi za baadhi ya Wakalenjin zinawataja Wasirikwa kuwa watu waliowatangulia. Katika msitu wa Mau, Waogiek wanajijua kuwa wenyeji wa tangu na tangu. Wamaasai walilishia ng'ombe wao Nakuru, Naivasha na Elmenteita mpaka Waingereza walipofika. Anayetaka kuligawa bonde hili kwa kigezo cha aliyefika kwanza itambidi awaondoe Wakikuyu na Wakalenjin kwa pamoja, na sijamsikia mwanasiasa yeyote wa kambi hizo mbili akiifuata mantiki hiyo hadi mwisho wake.

Chanzo halisi cha uhasama kina tarehe. Agosti 1904, Olonana na wazee wengine wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye mkataba na kamishna Donald Stewart, na jamii yao ikaondolewa bondeni, sehemu ikapelekwa Laikipia na sehemu kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba makubaliano hayo yangedumu maadamu wao wangekuwapo kama jamii. Hayakufika miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia, na walipoenda mahakamani 1913 waliambiwa kwamba mkataba kati ya mataifa mawili hauwezi kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Ardhi iliyobaki tupu ikawa mashamba ya walowezi, Lord Delamere akiwa mstari wa mbele kule Njoro na baadaye Soysambu.

Mashamba yalihitaji mikono. Wakikuyu walitoka Kiambu, Murang'a na Nyeri kwa treni na kwa miguu wakawa skwota: walipewa mahali pa kulima na kulisha, nao walitoa kazi. Sheria ya 1918 iliweka siku 180 za kazi kwa mwaka. Katika miaka ya 1920 walowezi waliipunguza mifugo ya skwota kwa nguvu, operesheni ambayo wenyewe waliikumbuka kwa jina la kifagio. Ila hawakuwa Wakikuyu peke yao. Wanandi, walioshindwa vita baada ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa Oktoba 1905, Wakipsigis walionyang'anywa vilima vya chai vya Kericho, na Watugen kutoka Baringo, wote wa jamii za Kikalenjin, nao walikuwa skwota katika mashamba ya walowezi. Mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Wakipsigis ulihamishwa wote hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Babu wa Mkikuyu na babu wa Mkalenjin walipanga foleni moja kwa karani mmoja kupewa posho ya unga. Jambo hilo halitajwi katika mikutano ya kisiasa, kwa sababu halimfai mtu anayetafuta kura kwa hasira.

Mahali ninapowapeleka wanafunzi wa historia hii, angalau kwa ramani, ni Olenguruone, juu katika mlima wa Mau. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwahamishia huko maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Wenyewe waliipokea kama fidia ya mashamba ya koo zao yaliyochukuliwa Kiambu. Serikali iliwaona kuwa wapangaji. Wakaletewa masharti: walime hivi, wapande vile, matuta yakatwe hapa, ardhi irithiwe na mtoto mmoja. Wakakataa. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto, na wanahistoria, Tabitha Kanogo miongoni mwao, wameonyesha jinsi kiapo hicho kilivyosambaa mashambani na kuandaa njia ya Mau Mau. Kufikia 1950 serikali ilikuwa imewafukuza, mimea yao ikafyekwa, nyumba zikachomwa, na wengi wakapelekwa Yatta katika Ukambani, nchi kavu wasiyoijua.

Baada ya uhuru Wakikuyu wengine walinunua mashamba katika eneo hilo na maeneo ya jirani. Mwaka 1992 walichomewa nyumba tena, safari hii na vijana wa Kikalenjin. Mahali pamoja, watu wa kabila moja, moto mara mbili, na mara zote hoja ilikuwa kwamba hawakuwa na haki ya kuwa pale. Mkoloni aliitoa hoja hiyo kwanza. Sisi tuliirithi pamoja na ofisi zake.

Uhuru ulipokaribia, swali la mashamba ya walowezi liligawa vyama. KADU, chama cha Ronald Ngala ambacho Daniel arap Moi alikuwa miongoni mwa vigogo wake, kilitaka majimbo, na kwa viongozi wake wa Bonde la Ufa maana yake ilikuwa kwamba ardhi ya bonde isimamiwe na watu wa bonde. KANU ya Jomo Kenyatta ilitaka serikali moja na ardhi iuzwe kwa anayeweza kununua. Kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia ulianzishwa mpango wa ekari milioni moja wa kuwapa makazi Waafrika. Kisha Novemba 1964 KADU ikajivunja. Moi aliingia baraza la mawaziri, na Januari 1967 akawa makamu wa rais.

Haya yalikuwa mapatano ya kwanza ya wakubwa, na bei yake ilikuwa ardhi ya Nakuru. Viongozi wa Kikalenjin walipata mashamba makubwa na vyeo. Milango ya soko ikafunguliwa kwa wanunuzi wa Kikikuyu waliokuwa na pesa zaidi na serikali nyuma yao. Mwaka 1969 Jean-Marie Seroney, mbunge wa Kinandi, alivunja ukimya kwa Azimio la Nandi Hills, akidai ardhi ya Wanandi irejeshwe na wasio Wanandi waondoke. Alishtakiwa kwa uchochezi na kupatikana na hatia. Nakuru haikukubaliana na dawa ya Seroney ya kuwafukuza watu, wala mimi sikubaliani nayo, lakini kilio kilichokuwa ndani yake kilikuwa cha kweli, na kukizima kwa sheria ya uchochezi kulikihifadhi tu mpaka 1991.

Tazama jinsi shamba lilivyopatikana kwa mtu wa kawaida, maana hapa ndipo ugomvi wa leo unapokaa. Skwota wa zamani, fundi wa reli, mwanamke muuza mboga, walinunua hisa katika kampuni kama Ndeffo, iliyokuwa ya wapiganaji wa zamani wa uhuru wa wilaya ya Nakuru, au Ngwataniro, ambayo Kihika Kimani aliiongoza na kuifanya ngazi yake ya kisiasa. Mwanachama alilipa kidogo kidogo na kupewa cheti cha hisa, karatasi iliyokunjwa na kufichwa chini ya godoro. Kampuni ilinunua shamba zima la mlowezi. Siku ya kugawa, wanachama walikusanyika, wakatia mkono kwenye debe au kofia, wakatoa kikaratasi chenye namba, na namba hiyo ilikuwa kipande chao. Mpimaji alikuja akapanda vigingi. Wakurugenzi, mara nyingi, walikuwa wamekwisha kujitengea sehemu zao kabla ya kura. Katika miaka ya 1980 serikali ya Moi iliagiza kampuni hizo zigawe ardhi na kufungwa, na baadhi yake zikavunjika kabla ya wanachama wao kupata hati miliki. Watoto na wajukuu wa wanachama hao wanalima leo kwa cheti cha hisa, kwa kigingi kilichohamishwa, au kwa neno la jirani.

Ukipita shamba hilo, upande wa pili wa mto au wa msitu kuna mpango wa makazi uliogawiwa Wakalenjin baadaye, Mauche kwa mfano, kwa sehemu kutoka msitu wa Mau. Nao wengi wana barua za ugawaji zinazoweza kufutwa siku serikali ikiamua kulinda msitu, na serikali imeamua hivyo zaidi ya mara moja. Basi unakuwa na majirani wawili, mmoja na cheti cha hisa, mwingine na barua ya ugawaji, wote wawili wakijua kwamba mwenye kushika serikali ndiye atakayesema karatasi ya nani ni halali. Mpe kila mmoja wao hofu hiyo, kisha mpelekee mwanasiasa wa kumwambia kwamba kura ndiyo hati miliki yake. Huhitaji kingine.

Oktoba 1991, baada ya mikutano ya majimbo iliyofanywa Kapsabet na Kapkatet, mashambulizi yalianza katika shamba la Meteitei kule Tinderet. Walioshambuliwa kwanza walikuwa Waluo. Mwaka 1992 moto ulifika Molo na Olenguruone na kuwakuta Wakikuyu. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu 1,500 walikuwa wamekufa na 300,000 kupoteza makazi. Kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilichunguza 1992. Mashambulizi yakarudi Njoro Januari 1998, wiki chache tu baada ya uchaguzi, na tume ya Jaji Akilano Akiwumi ikachunguza tena. Baada ya uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu wafu 1,133 nchini kote, 744 kati yao katika Bonde la Ufa. Kanisa la Kiambaa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na akina mama na watoto wa Kikikuyu ndani yake. Mwishoni mwa mwezi huo huo magenge ya Kikikuyu yalilipiza Nakuru na Naivasha. Katika mtaa wa Kabati mjini Naivasha watu 19 walichomwa katika nyumba moja. Hao hawakuwa Wakalenjin. Walikuwa Waluo.

Kwa hiyo anayeiandika historia hii kama ya makabila mawili pekee anawadhulumu wengine. Waluo wa Naivasha, Abagusii wa Kuresoi, Waogiek wa Mariashoni na Nessuit wamezika wafu wao na kupoteza ardhi yao kando ya ugomvi wa makabila haya mawili makubwa, kisha mezani hawapewi kiti. Transylvania ina aibu kama hiyo. Machi 1990, katika mji wa Târgu Mureș, Waromania na Wahungaria walipigana mitaani kwa siku mbili, watu wakafa, mwandishi András Sütő akapoteza jicho. Walipofikishwa watu mahakamani baadaye, wengi walikuwa Waroma, jamii ambayo ugomvi haukuwa wake. Waogiek angalau waliipata mahakama: Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao katika Mau, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Kutekelezwa kwa hukumu hiyo ni kipimo cha kwanza cha yeyote anayehubiri amani katika kaunti hii.

Narudi Târgu Mureș kwa sababu nyingine. Miezi mitatu tu kabla ya ghasia hizo, Desemba 1989, Waromania na Wahungaria walikuwa wamesimama bega kwa bega mjini Timișoara kumlinda mchungaji wa Kihungaria, László Tőkés, asifukuzwe na serikali ya Ceaușescu, na hapo ndipo mapinduzi yao yalipoanzia. Wakenya tunakumbuka shangwe ya Desemba 2002 na kilichofuata miaka mitano baadaye. Furaha ya pamoja ya kumwangusha mtawala haiwapatanishi watu ambao bado wanagombania jambo lile lile.

Kilichowasaidia Transylvania kilikuja baadaye, na kilikuwa kazi ya kuchosha. Tarehe 16 Septemba 1996, humo humo Timișoara, mawaziri wakuu wa Romania na Hungaria walitia saini mkataba. Hungaria ilikubali mpaka uliopo. Romania iliahidi haki za Wahungaria walio wachache, kwa viwango vya Ulaya ambavyo wote wawili walitaka kuvitimiza ili waingie katika jumuiya za Magharibi. Miezi miwili baadaye rais wa Romania alishindwa uchaguzi, na mwaka 1998 waziri mkuu wa Hungaria aliyetia saini naye akashindwa. Mkataba ukabaki. Chama cha Wahungaria wa Romania kiliingia serikalini kuanzia mwisho wa 1996 na tangu hapo kimefanya kazi na serikali za mrengo wa kushoto na za mrengo wa kulia. Mwaka 2001 sheria ya serikali za mitaa iliweka kigezo kinachohesabika: jamii ikifika asilimia 20 ya wakazi wa mji au kijiji, ina haki ya kuhudumiwa kwa lugha yake. Wanabishana bado, tena kwa ukali, kuhusu lugha ya shule, bendera na mamlaka ya ndani. Hawajachinjana tangu 1990. Na swali la nani alifika kwanza hawakulijibu. Waliliacha kwa wanahistoria wakaendelea na sheria.

Najua tofauti zilizopo. Wahungaria wa Romania wana dola jirani la kuwasemea, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa lugha na mpaka. Sisi tunagombania ardhi na Ikulu ndani ya nchi moja. Hatuna Brussels ya kutubembeleza wala kututishia. Lakini somo la msingi linavuka bahari: mapatano yao yalikuwa na maandishi yaliyowafunga hata waliokuja baadaye, ilhali yetu yamekuwa ya watu wawili wanaoaminiana kwa muda. Mapatano ya 1964 yalidumu maadamu yaliwafaa Kenyatta na Moi, na yalitikiswa hapa hapa Nakuru, Septemba 1976, wanasiasa wakiwemo akina Kihika Kimani walipofanya mkutano wa kutaka katiba ibadilishwe ili Moi asimrithi Kenyatta. Ya 2012 yaliisha Uhuru na Ruto walipoachana, na 2022 yakafuata mengine ambayo nayo yalivunjika baada ya miaka miwili. Uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022 ulipita Nakuru bila mauaji kama ya 2008, na katika chaguzi zote hizo tatu Wakikuyu na Wakalenjin walio wengi wa hapa walipiga kura upande mmoja. Hatujawahi kupima amani yetu katika mwaka wa kutofautiana.

Si kwamba hatuna maandishi. Mwaka 2012, baada ya mazungumzo ya zaidi ya mwaka mmoja yaliyosaidiwa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, wazee wa Kikikuyu na wa Kikalenjin walitia saini Mkataba wa Amani wa Kaunti ya Nakuru. Wazee hao walifanya kazi ngumu: walikaa chumba kimoja na watu waliowapoteza watoto upande wa pili, wakatajiana majina ya vijiji. Nawaheshimu sana kwa hilo. Miezi michache baadaye wanasiasa walikusanya umati Afraha na sifa zote za amani zikawaendea wao. Mkataba wa wazee haukupewa nguvu ya sheria, na ni vijana wachache wa Njoro au Kuresoi wanaojua kwamba upo.

Sheria nyingine tunazo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wingi kaunti hiyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza kabila moja kushika zaidi ya theluthi ya kazi katika taasisi ya umma. Hizi ni namba, na namba ndizo zilizowatuliza Wahungaria. Nakuru ina pia desturi isiyoandikwa popote: tangu 2013 kila gavana amekuwa Mkikuyu na naibu wake Mkalenjin, kuanzia Kinuthia Mbugua, akaja Lee Kinyanjui, na sasa Susan Kihika, binti wa yule Kihika Kimani wa Ngwataniro. Desturi hiyo imesaidia. Ila desturi ya tiketi ya uchaguzi inadumu maadamu makabila mawili yanapiga kura pamoja, na mwaka wa kutengana haitakuwa na mtu wa kuilinda.

Nendeni soko la viazi la Molo siku ya mavuno mwone mfano mdogo wa ninachokisema. Viazi vya shangi vinashuka kutoka Mau Narok na Keringet, mkulima Mkalenjin, dalali Mkikuyu, mpakiaji Mluhya. Ugomvi wa miaka mingi sokoni hapo ni lumbesa, gunia linaloongezwa kilemba cha wavu mpaka mkulima anauza magunia mawili kwa bei ya moja. Kanuni za 2019 ziliweka kilo 50 kwa gunia. Panapokuwa na mizani, watu wanabishana kuhusu bei na kumalizana. Pasipo mizani, dalali ni mwizi na kabila lake lote ni wezi. Ardhi ya Nakuru haijapata mizani yake.

Haki ya jinai nayo haikupatikana. Aprili 2009, katika Mahakama Kuu ya Nakuru, Jaji David Maraga aliwaachia huru washtakiwa wanne wa kesi ya kanisa la Kiambaa na kuukosoa vikali upelelezi. Kule The Hague mashtaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto na Joshua Sang ikafungwa Aprili 2016. Hakuna aliyepatikana na hatia ya kupanga mauaji ya Bonde la Ufa, wala ya 1992, wala ya 1998, wala ya 2008. Mjane wa Kiambaa na mjane wa Kabati hawajaambiwa na mahakama yoyote ni nani aliyetoa amri.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mengi ya haya, pamoja na sura nzima kuhusu dhuluma za ardhi, na ikapendekeza hatua za kuchukuliwa. Ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais Mei 2013. Bunge halijaipitisha. Kabla hujamuuliza mgombea wa 2027 atakuwa upande wa Ruto au wa Gachagua, muulize kuhusu ripoti hiyo, kuhusu hati za mashamba ya kampuni katika kata yako, kuhusu hukumu ya Waogiek, na kama yuko tayari kuupeleka mkataba wa 2012 kwenye Bunge la Kaunti upate kuwa sheria. Asiye na jibu usimpe kura yako, hata akiwa wa lugha yako.